Kisima Kinanuka Petroli

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu jambo moja: mafuta yanayovuja kutoka tangi lililofukiwa na kuingia kwenye udongo na maji ya ardhini. Tumeziweka pamoja, kwa sababu jibu la mwenye kisima linamhusu pia mwenye sheli, na la mwenye sheli linamhusu fundi anayechimba. Barua tumezifupisha. Majibu tumeyaacha marefu pale ambapo kosa dogo linaweza kumfanya mtu anywe sumu.

Shikamooni wataalamu. Tuko Mbagala, nyumba sita tunachota kisima kimoja cha mita 18. Tangu masika yaishe, asubuhi tukifungulia maji yananuka kama petroli, na kwenye ndoo kuna utando wa rangi rangi. Sheli iko kama mita 70 kutoka hapa. Wengine wanasema tuchemshe, wengine tutie dawa ya maji. Tufanyeje?

Marahaba, dada. Kwanza acheni leo hii kuyanywa na kuyapikia, na msiyaogee, hasa yakiwa ya moto kwenye bafu lililofungwa. Kuyachemsha kunaongeza hatari. Petroli ina benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu, nayo huchemka kwenye nyuzi 80 tu. Ukiweka sufuria jikoni, benzini inatoka kwenye maji na kuingia kwenye mapafu ya anayepika na mtoto aliyembeba mgongoni. Dawa ya klorini inaua vijidudu; petroli haiigusi. Chujio la udongo na kitambaa pia havisaidii kitu.

Kuhusu ule utando, upimeni kabla ya kumlaumu mtu. Chukueni kijiti kikavu, gawanyeni utando katikati. Ukivunjika vipande vyenye kona kama kioo chembamba na visirudiane, huo mara nyingi ni wa bakteria wa chuma, wanaopenda visima vyenye maji ya kutu. Ukizunguka kijiti na kuungana tena mara moja, hayo ni mafuta. Harufu mliyoitaja inaelekeza kwenye jibu la pili, lakini fanyeni jaribio hilo na mliandike.

Msiifanye pua kuwa maabara. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha benzini kwenye maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita. Harufu ya benzini peke yake huanza kutambulika kwenye maji ikifika kiasi cha miligramu 10 kwa lita, yaani mara 1000 ya kikomo hicho. Mnachonusa ninyi huenda ni kemikali nyingine za petroli zenye harufu kali zaidi, kama zailini. Kwa hiyo harufu ikiwepo ni onyo la kweli, lakini siku itakapopotea msirudi kisimani kwa sababu hiyo tu. Tuwape hesabu moja ili muone uzito wake: lita 1 ya petroli yenye benzini asilimia 1 ina gramu 8.8 hivi za benzini. Hizo zikisambaa zote majini zinatosha kufikisha lita 880,000 kwenye kikomo.

Usalama pale kisimani: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutulia kwenye shimo la pampu na chini ya mfuniko. Ukifika asilimia 1.4 ya hewa unaweza kuwaka. Pasiwe na kiberiti, sigara wala swichi ya umeme inayowashwa ndani ya shimo hilo. Na mtu yeyote asiteremke kisimani kwenda kuangalia, hata akifungwa kamba; mvuke humlegeza kabla hajaomba kuvutwa juu. Msikodi pampu kubwa ili "kukausha kisima kisafike" pia. Kisima kinachovutwa sana hugeuza mwelekeo wa maji ya chini, na uchafu uliokuwa unapita pembeni mnauita uje kwenu.

Kisha andikeni barua. Ipelekeni NEMC, baraza la mazingira, nakala EWURA, ambao ndio wanaotoa leseni za vituo vya mafuta, na nakala nyingine kwenye bodi ya maji ya bonde; kwenu ni Wami/Ruvu. (Kwa wasomaji wa Kenya ni NEMA, EPRA na WRA, Zanzibar ni ZEMA, ZURA na ZAWA.) Tajeni kina cha kisima, tarehe harufu ilipoanza, saa ambazo pampu huwashwa, umbali wa sheli, na pia gereji, jenereta au ghala la mafuta ya taa lililo karibu. Mkimwandika mtuhumiwa mmoja tu, wachunguzi wataanza na kumaliza kwake, na chanzo kikiwa kingine mtakuwa mmepoteza miezi. Maabara inaweza kutofautisha petroli na dizeli kwa kuangalia uzito wa kemikali zilizomo, kwa hiyo ombeni kipimo hicho pia.

Msione haya kwamba ninyi si wataalamu. Mwaka 2015, mafuta yalipotoka kwenye bomba la Mombasa hadi Nairobi huko Thange, Makueni, walioishi na harufu ile mtoni na visimani ni wanakijiji. Tarehe mnayoandika leo kwenye daftari la shule ina thamani kubwa baadaye, kwa sababu hakuna kifaa kinachoweza kurudi nyuma kuipima.

Nasimamia kituo cha mafuta mkoani Morogoro. Mwezi uliopita tulifungua na lita 14,200 za petroli, tukapokea 60,000, tukauza 61,150. Dipu ya mwisho (fimbo ya kupimia mafuta tangini) ilisoma 12,480. Bosi anasema wahudumu wanaiba. Nitajuaje kama ni wizi, joto, au tangi linavuja?

Tuanze na hesabu yako, ndugu. 14,200 jumlisha 60,000 toa 61,150 ni 13,050. Dipu imesoma 12,480. Zimepotea lita 570.

Marekani kanuni ya mamlaka ya mazingira inamtaka mwenye tangi ashtuke tofauti ya mwezi ikizidi asilimia 1 ya mauzo na kuongeza lita 492. Kwako hiyo ingekuwa lita 1,103. Kwa kipimo hicho umepona. Lakini usitulie hapo, kwani kipimo hicho ni kipana mno kwa kituo kama chako. Lita 570 kwa siku 30 ni lita 19 kwa siku, yaani lita 0.8 kwa saa. Vipimo vya kitaalamu vya kukagua kama tangi halivuji vinatakiwa kunasa uvujaji wa lita 0.38 kwa saa. Uvujaji wako, kama upo, ni mara mbili ya huo na bado daftari la mwezi linasema salama.

Kwa hiyo acha jumla ya mwezi, panga tofauti za kila siku kwenye ukurasa mmoja. Kosa la kusoma dipu hupanda na kushuka: leo umezidi lita 20, kesho umepungua 15. Uvujaji huenda upande mmoja kila siku. Wizi huwa na zamu. Joto huonekana siku ya kupokea mzigo: lita 10,000 zikishushwa zikiwa na nyuzi 34 na tangi likiwa na nyuzi 28, zitasinyaa kwa lita 70 hivi, bila mtu kuiba na bila tone kuvuja. Uvukizi nao upo, na huongezeka siku za kushusha.

Tangi la lita 20,000 lililolala, lenye kipenyo cha mita 2.4, likiwa nusu lina uso wa mafuta wa mita za mraba 10 na nusu. Milimita 1 ya dipu ni lita 10 na ushei. Ukifunga usiku kwa saa 8 na tangi likavuja lita 0.8 kwa saa, zitapotea lita 6.4, kiasi ambacho hakifiki hata milimita 1. Ndiyo maana dipu ya usiku mmoja haithibitishi lolote kwa uvujaji mdogo. Funga tangi moja kwa saa 36 au 48 kama biashara inaruhusu, dipu mara 3 kila unapopima, pakaa dawa ya kutambua mafuta ili mstari uwe mkali, na chukua wastani. Likiendelea kushuka bila kuuza, ita wapimaji wa tangi.

Lisiposhuka likiwa limefungwa, ila upungufu unaongezeka siku za mauzo makubwa, angalia mabomba na mita za pampu. Kwa kweli maungio ya mabomba na sehemu ya chini ya pampu huvuja mara nyingi kuliko tangi lenyewe. Kama pampu yako imezamishwa ndani ya tangi na inasukuma, bomba lenye tundu linamwaga mafuta nje kila bunduki ya kujazia mafuta ikifunguliwa, na tangi likipimwa peke yake linaonekana zima. Kama pampu inavuta kutoka juu, tundu litaingiza hewa, na wahudumu watakuwa wanalalamika kwamba asubuhi pampu "inakohoa".

Angalia na maji. Pakaa dawa ya kutambua maji kwenye ncha ya dipu kila asubuhi. Tangi lililokaa chini ya usawa wa maji ya ardhini huingiza maji wakati wa masika, na tundu lile lile hutoa mafuta maji ya ardhini yakishuka. Mwenye kituo huyanyonya maji yale, anashukuru, na kiangazi anaanza kuwafukuza wahudumu. Kagua pia pale dipu inapogonga. Miaka ya kugonga sehemu moja hutoboa chuma, hasa pakiwa na maji yanayokula kutu kwa ndani; tangi lililojengwa vizuri lina bamba la kinga chini ya bomba la kuteremshia dipu.

Ukishathibitisha, toa mafuta tangini siku hiyo hiyo, ufunge njia ya bomba husika, na uripoti. Tone la petroli la mililita 0.02 likidondoka kila sekunde ni lita 1.7 kwa siku, zaidi ya 600 kwa mwaka. Linganisha na ile hesabu ya lita 880,000 hapo juu.

Mimi ni fundi wa visima, Mombasa. Nimepewa kazi ya kuchimba visima vya uchunguzi kwenye kituo cha zamani. Mteja anataka visima viwili, mita 20 kila kimoja, bomba lenye matundu chini kabisa kama tunavyofanya visima vya maji. Je, ni sawa?

Hapana, kaka, na tunaomba umweleze kabla hujateremsha bomba la kwanza.

Visima viwili havitoshi. Huwezi kujua maji yanaelekea wapi bila visima 3 visivyo kwenye mstari mmoja. Chimba vitatu vya kwanza kama pembetatu kuzunguka tangi, pima, ndipo uamue vinakofuata. Mfano: kisima A mdomo wa bomba uko kwenye mwinuko wa mita 20.00, maji yako mita 6.20 chini, basi maji yako kwenye 13.80. B ni 19.60 toa 6.10, ni 13.50. C ni 19.85 toa 6.25, ni 13.60. Kutoka A hadi B kuna mita 30 na maji yanashuka sentimita 30. Kwenye mstari huo, mahali penye 13.60 ni mita 20 kutoka A. Chora mstari kutoka C hadi hapo: huo ni mstari wa usawa mmoja. Maji yanautoka kwa pembe mraba kuelekea upande wa B. Kisima cha nne kiende huko, ng'ambo ya B, na kimoja kiwe upande wa A kionyeshe maji yanavyoingia kabla ya kugusa kituo. Bila hicho cha juu, mwenye kituo atasema uchafu umetoka kwa jirani na hutakuwa na jibu.

Vipimo hivyo vinahitaji midomo ya mabomba ipimwe mwinuko na mpima ardhi. Ukikisia kwa jicho, sentimita 10 za kosa zinageuza mshale wote, kama unavyoona tofauti ya B na C.

Sasa kina, ambako ndiko kazi nyingi huharibika. Petroli ina uzito wa 0.72 hadi 0.78 ukilinganisha na maji, dizeli 0.82 hadi 0.86. Inaelea. Kisima cha mita 20 chenye matundu chini kabisa kinachota maji yaliyo chini ya mafuta, na ripoti itasema pasafi huku mafuta yakiwa yametanda juu, nje ya bomba zima lisilo na matundu. Matundu lazima yavuke usawa wa maji: yaanze mita 1 hadi 1.5 juu ya usawa wa juu kabisa wa masika, yaishe mita 2 au 3 chini ya usawa wa chini kabisa wa kiangazi. Waulize majirani wenye visima maji yao hupanda na kushuka kiasi gani. Ukichimba mwezi wa tano bila kuuliza, Februari kisima chako kitakuwa kikavu.

Ujenzi wenyewe: chimba kipenyo cha milimita 150 hadi 200 kwa bomba la PVC la milimita 50. Viungo viwe vya kusokota kwa nyuzi. Gundi ya PVC ni marufuku. Viyeyusho vyake huonekana maabara na kuharibu kesi nzima. Usipake grisi kwenye vyuma vya kuchimbia, na jenereta yako iwe upande upepo unakoelekea, usiipumulishe kwenye sampuli. Matundu ya milimita 0.5, mchanga uliooshwa wa milimita 1 hadi 2 kuzunguka, ufike sentimita 60 juu ya matundu. Juu yake sentimita 60 au zaidi za bentonaiti (udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa), uilowanishe kwa maji safi na kuiacha ivimbe. Juu yake saruji mpaka usoni, na mfuniko wenye kufuli. Bentonaiti ikirukwa, maji ya kuoshea magari yatateremka kando ya bomba na utapima uchafu ulioutengenezea njia wewe mwenyewe.

Mita 1.5 za mwanzo chimba kwa mkono, hata kama una ramani. Ramani za kituo huonyesha palipokusudiwa bomba kupita.

Wakati wa kushuka, toa udongo kila mita 1 na kila tabaka linapobadilika. Jaza chupa ya kioo nusu, funika kwa karatasi ya alumini, tikisa, iache dakika 10 kwenye kivuli, kisha toboa karatasi kwa ncha ya kipima mvuke na uandike namba ya juu inayotokea sekunde chache za mwanzo. Pelekeni maabara udongo wenye namba kubwa, ule wa juu kidogo ya maji, na ule wa chini ulioonekana msafi, ili mjue uchafu uliishia wapi. Kumbuka kifaa hicho kinanusa petroli vizuri lakini dizeli kinaipunja, kwa kuwa haitoi mvuke mwingi.

Mombasa ina mambo yake mawili. Kwanza ni mawe ya matumbawe. Mafuta hupita kwenye nyufa na mapango madogo, na yanaweza kutokea upande ambao pembetatu yako haikuonyesha. Huko usiridhike na mshale wa ramani; pima visima vyote vya majirani pande zote, na mashimo ya maji machafu pia. Pili ni bahari. Maji kujaa na kupwa huinua na kushusha visima vilivyo karibu na pwani, na ukipima A asubuhi na C mchana unalinganisha nyakati mbili tofauti. Pima vyote ndani ya nusu saa, urudie bamvua na maji mafu, au acha vipimo vya kujirekodi ndani kwa siku 3 na uchukue wastani.

Mteja akikuuliza uchafu umefika wapi, usimtajie umbali hewani. Kwenye mchanga unaopitisha mita 10 kwa siku, mteremko wa maji wa 0.005 na uwazi (nafasi kati ya punje) wa asilimia 25, maji husafiri sentimita 20 kwa siku, mita 73 kwa mwaka. Benzini huenda polepole kuliko maji, maana hushikwa na udongo na huliwa na vijidudu. Kwenye nyufa za matumbawe hesabu hii haitumiki.

Tulichimba shimo kituoni, udongo ulinuka mpaka macho yakatoka machozi. Maabara ikarudisha "haikuonekana" kwa benzini. Je, maabara imehongwa? Mkaguzi, Mwanza.

Mara nyingi sampuli ilikufa njiani. Tazama mlivyoichukua. Udongo uliokorogwa kwenye beseni "ili uwe wastani", ukatiwa mfuko wa plastiki, ukakaa kwenye buti la gari mchana kutwa, hauna benzini tena. Umebaki na mafuta mazito yanayonuka. Kwa kemikali zinazoruka, gramu 5 hivi za udongo hukatwa kwa bomba dogo kutoka kwenye uso uliofunguliwa sasa hivi na kutiwa papo hapo kwenye kichupa chenye methanoli kutoka maabara. Kichupa kimepimwa uzito kabla, kwa hiyo usikibandike lebo mpya.

Maji huingia kwenye vichupa vya mililita 40 vyenye asidi ya hidrokloriki. Jaza mpaka maji yawe na kilima juu ya mdomo, funga, pindua, gonga kwa kidole. Ukiona kiputo kikipanda, chukua kichupa kingine. Kemikali huhamia kwenye kiputo, na kifuniko kikifunguliwa huondoka nacho. Hifadhi kwenye nyuzi 4, barafu ya kutosha, isigande. Maabara ipime ndani ya siku 14. Mafuta ya jamii ya dizeli yanachukuliwa kwenye chupa ya kioo cha kahawia ya lita 1, na siku zake ni 7 tu.

Kabla ya kuchukua maji kisimani, toa yaliyolala. Bomba la milimita 50 lina lita 2 kwa kila mita ya maji. Yakisimama mita 3, toa lita 18, yaani mara tatu. Bora zaidi ni pampu ya polepole, lita 0.1 hadi 0.5 kwa dakika, maji yasishuke zaidi ya sentimita 10, mpaka usomaji wa pH, chumvi na oksijeni utulie mara tatu mfululizo. Kichoteo kikidondoshwa kwa kishindo kinapuliza benzini hewani na kuvuruga matope.

Pelekeni pia kichupa cha maji safi ya maabara kilichosafiri na sanduku bila kufunguliwa, na sampuli pacha moja kwa kila kumi. Kichupa hicho kikionekana na petroli, lawama ni ya sanduku, na huenda mlibeba galoni ya jenereta humo humo. Mwisho, ulizeni maabara inaweza kuona mpaka kiasi gani. "Haikuonekana" kwa mashine inayoanzia mikrogramu 50 haisemi chochote kuhusu kikomo cha 10.

Kwenye kisima cha uchunguzi tumepima sentimita 40 za petroli juu ya maji. Mkandarasi anasema eneo lote la mita za mraba 600 lina sentimita 40, akazidisha akapata lita 240,000 na kutuletea bei ya kuzinyonya. Nakuru.

Msisaini. Ndani ya bomba mafuta yana nafasi tupu ya kukusanyika. Udongoni yako kwenye vitundu pamoja na maji na hewa. Unene wa kisimani kwa kawaida ni mara kadhaa ya ule wa udongoni, na hubadilika maji yakipanda au kushuka bila lita moja kuongezeka. Hata kama sentimita 40 zingekuwa za kweli, udongo si tangi: kwa uwazi wa asilimia 25, hesabu yake ingepaswa kugawanywa kwa nne kabla ya kuanza kubishana. Mwambieni anyonye kisima, apime kinavyojaa tena kwa saa na siku. Kikirudi haraka, yapo mafuta ya kuvutwa. Kikichukua wiki kadhaa kurudisha sentimita 2, pampu yake itabaki inavuta maji.

Tena, mafuta yanayasukuma maji chini ndani ya bomba. Kabla ya kuchora mshale wa mwelekeo, zidisha unene kwa uzito wa mafuta na uongeze kwenye mwinuko wa maji: sentimita 40 kwa 0.75 ni sentimita 30. Asiporekebisha hivyo, kisima chenye mafuta mengi kitaonekana kama shimo ambalo maji yote yanakimbilia.

Lori lilimwaga dizeli uani, tukamwagia sabuni ya unga na maji mengi ikapotea. Tumefanya vizuri? Dodoma.

Imepotea machoni tu. Sabuni imeivunja dizeli kuwa matone madogo na maji yameiteremsha. Wakati mwingine zuieni isisambae kwa kingo za udongo, mwageni mchanga mkavu au maranda, kisha mkwangue na udongo wa chini uliolowa, mpaka mfikie usionuka. Uwekeni juu ya turubai nene na kuufunika mvua isiunyeshee. Hapo penu chimbeni mashimo madogo matatu kwa keekee ya mkono, mita 1 hadi 2, mwangalie ilifika wapi. Kama ni ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi, shukeni zaidi ya hapo, kwa sababu nyufa zake huwa mfereji.

Ninanunua kiwanja Kibaha palipokuwa na sheli. Muuzaji anasema matangi yalijazwa mchanga miaka mingi iliyopita, hakuna tatizo. Niulize nini?

Dada, mchanga ndani ya tangi unazuia tangi lisibomoke. Udongo ulio chini ya tangi hautibiwi na mchanga huo. Mwombe muuzaji ramani ya matangi, mabomba, visiwa vya pampu na mahali lori lilipokuwa linashushia. Hapo pa mwisho humwagika mafuta kila mara na watu husahau kupachimba. Omba karatasi za ukaguzi wakati wa kufunga kituo na matokeo ya udongo wa chini ya kila tangi. Kama hakuna, ondoa gharama ya uchunguzi kwenye bei: shimo moja kila mwisho wa tangi, likishuka mita 1 au zaidi chini ya tumbo lake, moja kwenye kila kisiwa cha pampu, moja pa kushushia, na visima vitatu vya maji kama tulivyomweleza fundi wa Mombasa.

Jiulize pia unakusudia kujenga wapi. Mvuke wa petroli hupanda kwenye nyufa za sakafu na kando ya mabomba ya choo, na chumba cha kulala kilichofungwa usiku huukusanya. Hata udongo ukionekana na uchafu kidogo, usiweke nyumba juu ya matangi, na usichimbe kisima cha kunywa hapo kabla visima vya uchunguzi havijapimwa angalau mara mbili, mara moja mwisho wa masika na mara moja kiangazi kikiwa kikali. Malipo ya mwisho yaandikwe kwenye mkataba kwamba yatatolewa baada ya kipimo cha pili.